Daktari wako wa akina mama anastaafu? Fanya haya kabla hajaondoka

Tangazo huwa linabandikwa pale dirishani mapokezi, karatasi ya A4, "tunawatangazia wateja wetu kuwa Dokta anastaafu mwisho wa mwezi huu", na kuanzia hapo benchi linajaa kuliko siku zote. Wamama wanatoka Magu, Misungwi, Sengerema, mwingine kapanda meli ya Nansio alfajiri, kila mtu anataka amuone Dokta hata dakika tano. Mi nimekaa mapokezi ya kliniki ya akina mama hapa Mwanza muda mrefu, kazi yangu ni mafaili, na nachokiona kila bingwa akiondoka ni kilekile, watu wanagombania kumuona mtu, karatasi hawazigusi. Miaka yote aliyokutibu iko sehemu mbili, kichwani kwake na kwenye faili. Kichwa ndo hicho kinaenda kulima Geita. Faili linabaki, kwa hiyo we shughulika na faili kwanza, kuaga kutafata.

Haya nayoandika ni kwa yeyote ambae bingwa wake wa magonjwa ya wanawake anaondoka, awe wa hospitali ya serikali, ya mission au kliniki ya mtu binafsi. Tofauti zipo ila sio nyingi.

Kwanza ulizia anastaafu vipi

Maana kuna kustaafu na kustaafu. Daktari bingwa wa serikali akifika miaka 60 anaruhusiwa kustaafu kwa hiari na akifika 65 ni lazima, watumishi wengi wengine wao ni 55 na 60. Sasa mtu wa miaka 65 mwenye macho yake na mikono yake mara nyingi haendi shamba moja kwa moja, unasikia kaagwa hospitali kubwa kwa keki na picha, baada ya wiki mbili unamkuta jioni kwenye kliniki ya mtu Kirumba au Nyegezi anaona wagonjwa siku mbili kwa wiki. Mwingine anaacha upasuaji tu ila kuona wagonjwa anaendelea. Mwingine kaacha kabisa, na huyo muache apumzike.

Kwa hiyo ukifika mapokezi usiulize tu "eti Dokta anaondoka?" hilo jibu lipo ukutani. Uliza siku yake ya mwisho ya kuona wagonjwa ni lini, na siku ya mwisho ya kuingia chumba cha upasuaji ni lini, hizi siku mbili hazifanani, upasuaji huwa unasimama mapema zaidi kwa sababu lazima mtu abaki wa kuangalia kidonda. Uliza nani anachukua wagonjwa wake. Na uliza mafaili yanabaki wapi. Kama kliniki nzima inafungwa (inatokea, kliniki nyingi ndogo ndogo ni jina la dokta mmoja tu, akitoka yeye na kibao kinashushwa) basi hilo swali la mafaili ndo liwe la kwanza na usikubali jibu la "yatakuwepo tu dada".

Faili

Hapa ntakaa kidogo, nivumilieni.

Faili lenyewe, lile la kaki lenye jina lako, linabaki kituoni, usigombane na mtu wa masijala kwa hilo. Unachotaka wewe ni vitu viwili, nakala za majibu na ripoti muhimu, na muhtasari wa matibabu ulioandikwa na Dokta mwenyewe, ukurasa mmoja au miwili, wenye tarehe, sahihi na mhuri. Ule muhtasari ndo dhahabu. Mwandiko wa Dokta wetu kwenye faili mi mwenyewe nilikuwa nausoma kwa kubahatisha, sasa huyo daktari mpya atausomaje, ila akikuandikia barua akijua inaenda kwa daktari mwenzake anajitahidi.

Haki unayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo ilianza kufanya kazi Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzipata taarifa zake, na za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Ila jamani usifike dirishani ukaanza na sheria. Anza na shikamoo, omba kwa maandishi, barua fupi ya mkono inatosha, jina lako kamili lile uliloandikishia faili (kuna watu wana faili mbili, moja la jina la baba moja la jina la mume, taja yote), namba ya faili kama unayo, namba ya simu, na unachoomba. Nenda na kitambulisho. Afu nenda mapema, sio wiki ya mwisho, wiki ya mwisho Dokta anaandika barua themanini kwa siku na ya kwako itakuwa mistari mitatu.

Kwenye muhtasari kuwe na nini? Inategemea umetibiwa nini, lakini ngoja nikuonyeshe kwa nini haitoshi kusema "andika nilifanyiwa oparesheni".

Alikuja mama mmoja wa makamo kutoka Ukerewe, kabeba mfuko wa rambo na kadi zake zote tangu mimba ya kwanza. Ananiambia, "Mwanangu we niandikie tu nilitolewa uvimbe." Nikamuuliza, mama, walitoa uvimbe wakaacha kizazi au walitoa na kizazi? "Sasa mi ntajuaje, walinilaza nikaamka." Na mayai je, waliyaacha? Akacheka, akasema mengine mkamuulize mganga wenu. Tukafungua faili. Kizazi kilitolewa, shingo ya kizazi iliachwa, mayai (yaani vile vifuko vya mayai) pande zote mbili yameachwa. Sasa hiyo mistari miwili inabadilisha mambo mengi, kwa sababu shingo ikiwa imebaki bado unatakiwa upimwe saratani ya shingo ya kizazi kama wenzio, na yeye miaka yote hiyo alijua kwake hiyo habari imeisha. Na angekuwa ametolewa mayai yote, mwili ungeingia ukomo wa hedhi palepale kwa mkupuo, joto na jasho la usiku na mifupa vingekuwa na maelezo yake.

Kwa walio kwenye umri wa kuzaa ni muhimu zaidi. Kama ulitolewa uvimbe (faibroidi) na kizazi kikabaki, iandikwe walikata sehemu gani na je, walikata mpaka kuingia ndani ya chumba cha kizazi, kwa sababu hilo ndo daktari wa mbele atalitumia kuamua kama mtoto ajaye azaliwe kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji. Na kama ulizaa kwa upasuaji, mkato wa nje hauelezi mkato wa ndani. Wengi wanaona mshono wa bikini wa kulala wanajua na ndani ni hivohivo. Kawaida ndo hivo, ila sio lazima, na mwenye mkato wa kusimama kwenye kizazi chenyewe hatakiwi kujaribiwa uchungu mimba inayofuata. Sasa hiyo mtu ataijua wapi usiku wa saa nane kama haijaandikwa?

Vingine vya kuhakikisha, harakaharaka. Kundi la damu, na kama ni hasi (negativu) iandikwe kwa herufi kubwa, kwa sababu wewe unahitaji sindano ya anti-D (inayozuia mwili wako kuja kupambana na damu ya mtoto wa mbele) ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye kundi chanya, na hata baada ya mimba kutoka, na sindano hiyo sio kila duka inapatikana, inatafutwa mapema. Dawa zinazokudhuru. Dawa unazotumia saivi na dozi zake, sio "vile vidonge vyeupe". Presha au kisukari cha mimba zilizopita. Nyama yoyote iliyotolewa mwilini ikapelekwa maabara, omba karatasi ya majibu yenyewe, maana "Dokta alisema ni salama" sio jibu ambalo daktari mwingine anaweza kufanyia kazi.

Halafu kipimo cha shingo ya kizazi. Usiandikiwe "alipimwa, yuko sawa". Alipimwa kwa kipimo gani, siki (shingo inapakwa siki na kuangaliwa kwa macho), pap smear (seli zinakwanguliwa zinaenda maabara) au kipimo cha HPV, kile kirusi kinacholeta saratani hiyo? Lini? Kwa sababu muda wa kurudia haufanani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kuanzia miaka 30, ukiwa huna kitu unarudia baada ya miaka 5 mpaka 10, na mwenye maambukizi ya VVU anaanza 25 na kurudia kila miaka 3 mpaka 5. Cha siki muda wake ni mfupi zaidi, kwa kawaida miaka mitatu, na mwenye VVU huitwa mapema kuliko hapo. Na kama uliwahi kukutwa na mabadiliko ukachomwa au ukagandishwa au ukakatwa kwa ule waya wa umeme, hiyo iandikwe na tarehe yake, unatakiwa kurudi kuangaliwa baada ya mwaka mmoja hata kama hujisikii chochote. Hawa ndo wanapotea sana bingwa akiondoka. Wanasubiri kupigiwa simu na mtu ambae hayupo.

Picha za ultrasaundi sasa. Zile karatasi nyororo zinazotoka kwenye mashine zinafifia, zinachapishwa kwa joto na joto ndo linaziua, ukiiweka kwenye dirisha la jua au ndani ya plastiki miaka miwili unakuta karatasi tupu. Ipige picha na simu leoleo, juu ya meza, bila kivuli cha kichwa chako. Ila picha sio kitu kikubwa kama ripoti, ripoti iliyoandikwa vipimo vya uvimbe kwa sentimita ndo inayolinganishwa mwakani kuona umekua au umekaa.

Ukishapiga picha zako usizitume kwenye grupu la familia "mniwekee". Jitumie mwenyewe kwenye imeili au mpe mtu mmoja unaemuamini. Na ukienda kuchukua karatasi nenda mwenyewe. Kama huwezi, andika barua ya kumruhusu mtu kwa jina lake na aje na kitambulisho chake. Kuna mume alikuja dirishani kwetu akitaka faili la mke wake, eti katumwa, nikamwambia shemeji naomba umpigie simu mama nimsikie, akaanza kukasirika. Hatukumpa. Ndani ya mafaili ya akina mama mna kijiti cha uzazi wa mpango ambacho nyumbani hakijulikani, mna majibu ya VVU, mna mimba iliyotoka kabla ya ndoa. Ukiona mtu wa mapokezi anamkatalia mumeo, mshukuru, usimseme.

Ukiwa katikati ya jambo

Wengine hawana haraka, wengine wanayo. Wenye haraka ni hawa.

Mjamzito. Wewe hutaki muhtasari tu, unataka kujua utajifungulia wapi na nani anajua habari zako hapo. Muombe Dokta akuandikie barua ya rufaa kwenda kituo chenyewe kwa jina, sio "aende hospitali yoyote", na kadi yako ya kliniki ijazwe mpaka mahudhurio ya mwisho. Kama una mshono wa zamani, mapacha, presha, kondo la nyuma limekaa chini, au damu hasi, usisubiri miezi ya mwisho ndo uanze kuzunguka, nenda kafungue faili sehemu mpya ukiwa bado unatembea vizuri. Na wanaoishi visiwani, Ukerewe, Ukara, Kome na huko kwingine, kama umeambiwa utazaa kwa upasuaji panga kuhamia karibu na hospitali kabla ya tarehe, ziwa halina ratiba ya uchungu, upepo ukichafuka jioni hakuna chombo kinachovuka. Wa Sengerema nyie mmeneemeka, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 ile foleni ya kivuko imebaki hadithi.

Unaesubiri majibu ya nyama. Hapa nakuwa mkali. Usitoke kliniki bila kujua namba ya sampuli yako maabara, ilipelekwa maabara gani, na jina la mtu (sio "kliniki", mtu) atakaepokea majibu na kukupigia. Hakikisha namba yako ya simu kwenye faili ni ile unayotumia, nusu ya namba zilizoko kwenye mafaili ni za laini zilizokufa. Na ikipita wiki kadhaa kimya, wewe ndo uende. Kimya sio majibu mazuri.

Unaesubiri upasuaji. Kama tarehe yako iko ndani ya wiki za mwisho za Dokta, muulize wazi, "nikipata shida baada ya wewe kuondoka nani ataniona?" Kama hakuna jina, bora upangiwe upya na huyo anaebaki, japo moyo unataka afanye yule mzee. Najua inauma. Ila kidonda kinachofunguka siku ya kumi hakijui kama Dokta ana sherehe.

Mnaotafuta mtoto. Vipimo vyenu ni gharama, kipimo cha mirija, homoni, na kipimo cha mbegu cha baba (ambacho mara nyingi kiko kwenye faili la mama, na baba hajui kiko wapi). Chukueni nakala zote, vinginevyo daktari mpya ataanza moja na mfuko utaanza moja.

Na dalili ambazo hazisubiri bingwa yeyote, wa zamani wala mpya: damu inayotoka baada ya hedhi kuwa imekoma mwaka mzima au zaidi, kutokwa na damu nyingi mpaka unabadilisha pedi kila saa, maumivu makali ya tumbo huku unajijua una mimba changa au umechelewa hedhi, mjamzito anaeumwa kichwa sana na kuona maruerue, mtoto kupunguza kucheza. Damu ya baada ya kukoma hedhi nenda wiki hiyohiyo hata kama ni matone, nyingine zote nenda hospitali iliyo karibu leo, mambo ya nani anamrithi Dokta utayajua huko mbele.

Sio kila kitu kinahitaji bingwa

Hili watu hawapendi kulisikia ila mi naliona kila siku, kwenye lile benchi letu wengi hawakuhitaji bingwa, walihitaji nesi mzuri. Kijiti kinatolewa na nesi aliyefundishwa, kwenye kituo cha afya, na huduma za uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure. Kipimo cha siki kinafanywa na nesi. Sindano ya miezi mitatu, nesi. Kliniki ya mimba isiyo na shida, nesi na mkunga, Makongoro, Buzuruga, popote pale karibu na kwako.

Kama kadi ya kijiti imepotea, jipapase mkono kwa ndani, ukikuta kimoja mara nyingi ni Implanon ya miaka 3, ukikuta viwili mara nyingi ni Jadelle ya miaka 5, ila usitegemee kupapasa, tarehe iko kwenye faili, iombe. Kitanzi cha shaba kinakaa miaka 10 na kuendelea. Anaehitaji bingwa ni yule ambae akipapasa hakioni kabisa, huyo asikubali mtu amchanechane mkono kutafuta, kwanza aangaliwe kwa ultrasaundi.

Ukijitoa kwenye foleni ya bingwa kwa vitu hivi, umemwachia nafasi mwenye uvimbe wa ukubwa wa mimba ya miezi sita. Ndo ukweli.

Kumpata mwingine

Swali zuri kuliko yote muulize anaestaafu: "Dokta, dada yako akiumwa kesho utampeleka kwa nani?" Atakutajia jina, na hilo jina lina uzito kuliko bango lolote. Ukikosa nafasi ya kumuuliza, waulize manesi wa chumba cha upasuaji na wakunga, wao wanajua nani ana mkono mwepesi na nani anafoka.

Hapa mjini Bugando ndo hospitali ya rufaa ya kanda yote ya ziwa, na ina chuo chake kinachofundisha mabingwa, kwa hiyo ukienda pale jiandae kuonwa na madaktari kadhaa kwa zamu, wengine wako masomoni. Wapo wasiopenda hilo, wanataka uso mmoja. Mi naona kama una tatizo gumu, macho mengi ni faida, na mambo ya saratani yako palepale. Sekou Toure ni ya rufaa ya mkoa, karibu na mji, na kwa mengi inatosha kabisa. Hospitali binafsi zipo, unapata uso mmoja ila uulize mapema kama huyo bingwa yupo kila siku au anakuja Jumamosi tu. Huko wilayani kuna hizi kambi za madaktari bingwa zinazopita hospitali za halmashauri, ni nafasi nzuri ya kuonwa bila nauli ya mjini, ila wanaondoka baada ya siku chache, kwa hiyo karatasi karatasi karatasi, usiondoke mikono mitupu.

Mwenye bima, kabla hujampenda daktari uliza dirisha la bima kama kituo hicho kinapokea kifurushi chako, na kama kumuona bingwa unahitaji barua ya rufaa. Usije ukasafiri toka Buhongwa na daladala mbili ukaambiwa rudi kituo cha chini kwanza.

Hakikisha ni daktari kweli. Anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na unaruhusiwa kabisa kuulizia namba yake ya usajili. Bingwa ni mtu aliesoma udaktari akamaliza, akafanya kazi, akarudi chuo miaka mingine isiyopungua mitatu kusomea wanawake na uzazi tu. Sio yule wa TikTok mwenye koti jeupe na chupa za "kusafisha kizazi" na "kuzibua mirija kwa siku saba". Bingwa anapoondoka hawa jamaa wanavuna sana, maana kuna kundi la wamama halijui liende wapi. Kizazi hakisafishwi kwa mvuke wala kwa vijiti vya mitishamba vinavyoingizwa ukeni. Pesa inakwenda, na ugonjwa uliokuwa unasubiri unapata nafasi ya kukua.

Na kama unataka daktari wa kike, sema. Sio ushamba. Ukimkosa, una haki ya kuomba nesi awepo chumbani wakati unapimwa, na daktari mzuri atakuwa ameshamuita kabla hujaomba.

Siku ya kwanza kwa mpya

Usianze na "Dokta wangu wa zamani alikuwa ananielewa." Anza na muhtasari mezani, tarehe ya hedhi ya mwisho, na kilichokuleta leo kwa sentensi mbili. Historia ya miaka ishirini ipo kwenye karatasi, ataisoma. Mayu (mama wa Kisukuma) asiyesema Kiswahili vizuri aje na mtu wa kumtafsiria, binti au dada, sio mtoto wa kiume wa miaka kumi na mbili, kuna vitu bibi hawezi kuvisema mbele ya mjukuu na ataishia kusema tumbo linauma tu.

Mwambie pia ulikulia wapi. Hili la kwetu huku naliona halisemwi. Waliokulia Kwimba, Misungwi, Magu, Shinyanga huko, wakichota maji lamboni na kupanda mpunga kwenye majaruba, wengi walipata kichocho cha mkojo utotoni, na mayai ya kile kidudu yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi na ukeni yakaleta vidonda, uchafu usiokauka, damu baada ya tendo, hata kukosa mtoto. Kwa macho inafanana na magonjwa ya zinaa, mtu anapewa dawa za zinaa mara tano na ndoa inaingia mgogoro bure. Madaktari waliozeeka kanda hii wanakiwaza mapema. Mpya aliehamia majuzi kutoka mikoa mingine anaweza asikiwaze mpaka umwambie "nilikojoa damu nikiwa darasa la tatu". Mwambie.

Na tegemea atatofautiana na yule mzee. Mzee alisema uvimbe tuuangalie, huyu anasema tutoe. Haimaanishi mmoja ni mwongo. Muulize uvimbe una sentimita ngapi, uko sehemu gani ya kizazi, ulikuwa ngapi mwaka jana (ndo maana ya ile ripoti), damu yangu imeshuka mpaka ngapi, na nikisubiri nini kitatokea. Mwanamke wa miaka 49 asiyetokwa damu nyingi anaweza kuambiwa asubiri kwa sababu faibroidi nyingi hunywea baada ya hedhi kukoma, wa miaka 31 anaetafuta mtoto hesabu yake ni nyingine kabisa. Akijibu kwa utulivu umepata daktari. Akikasirika kwa kuulizwa, mabingwa wengine wapo.

Kuaga

Sasa ndo uende umuage. Zawadi hazina shida, kanga, kuku, barua ya mkono ndo wanazitunza zaidi kuliko unavyofikiri, nimeona dokta kabeba boksi zima la barua kwenye gari na viti kaacha. Namba yake ya simu kama anayo mpya na kakupa mwenyewe, sawa, mtumie salamu za sikukuu. Picha za majibu saa nne usiku "Dokta hii inamaanisha nini" hapana, faili hana, hajakupima, na akikujibu kwa kubahatisha atawaumiza wote wawili, wewe na yule mpya anaekutibu.

Afu kwa mnaoleta samaki. Tunashukuru, sato wa Ukerewe hana mfano, ila mleteni asubuhi kabla Dokta hajaingia wodini na awe kwenye ndoo yenye barafu, na mpeleke kwa dereva wake. Friji ya kliniki ni ya dawa na chanjo, samaki haingii humo hata awe ametumwa na mkuu wa mkoa.